Litatoka Vumbi, Msumeno Unabaki

Baba mkubwa alitangaza kwamba msumeno wangu wa umeme umeshapata mnunuzi huku mimi bado nimeushika. Yaani mkono uko juu ya meza ya kukatia, nyusi zimejaa unga wa mbao, na yeye kasimama mlangoni na suti yake ya vikao, ananiambia fundi wa mtaa wa pili atakuja kuubeba Jumamosi asubuhi.

Na sababu alikuwa nayo, hiyo ndiyo iliyoniuma. Baba yangu alikuwa hospitali, kifua kimembana vibaya, na daktari alisema ataruhusiwa kurudi nyumbani lakini vumbi asilisogelee. Sasa karakana yangu ni kile chumba cha nyuma, ukuta mmoja na chumba cha wazazi. Nikikata ubao mmoja tu, juu ya redio ya baba unaweza kuandika barua kwa kidole.

Kwa hiyo ni msumeno au kifua cha baba. Ndivyo baba mkubwa alivyoliweka. Nyumbani tunamwita Mwenyekiti, kwa siri lakini, maana watu wawili wakikutana jikoni yeye anafungua kikao. Akaongeza, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi, kwamba msichana mwenye akili timamu angeshika cherehani kama mama yake. Kazi safi, mtu unakaa kitako.

Mama alikuwa anapiga pasi pale ukumbini. Pasi ikasimama.

"Baba mkubwa," nikasema, "tatizo ni vumbi au ni mimi?"

"Ni vumbi, mwanangu."

"Basi litatoka vumbi. Mimi na msumeno tunabaki."

Alicheka mpaka tai ikahama. Lakini kwa vile alikuwa na uhakika nitashindwa, akakubali: nikiweza kukata ubao mzima bila vumbi kufika chumba cha baba, atamrudisha fundi wake. Kipimo kikatolewa na mama. Alisema tutatundika kipande cha bitana nyeusi mlangoni pa chumba, tukiloweshe kidogo. Vumbi la mbao kwenye cheusi kibichi halina pa kujificha.

Cha kuvutia vumbi nilikuwa nacho, mashine kuukuu ya kufyonza vumbi niliyoitoa kwa wauza vyuma chakavu, inanguruma kama simba mwenye mafua. Nikaifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, nikaipa njia ipumulie nje dirishani. Kilichokosekana ni mpira wa kutoka kwenye ndoo mpaka kwenye msumeno. Ule wa mashine ulikuwa umepasuka kama kisigino. Nikaenda dukani kuulizia mpya, muuzaji akataja bei, nikamshukuru na kutoka kinyumenyume.

Nikaanza na chupa za plastiki. Nilizikata matako, nikazichomeka moja ndani ya nyingine kwa gundi, nikawasha. Jamani, ikavuta. Nikaruka kabisa. Halafu nikasukuma ubao, chupa zikakatika katikati kama mkia wa mjusi, na vumbi lote likanirudia usoni. Jirani aliyekuwa anapita dirishani akaniuliza naoka mkate wa nani.

Ndipo mama akaleta koti refu la mvua la baba, lile alilovaa miaka yote ya kulinda lango la kiwanda. Nikamwuliza, akilitafuta je? Mama akasema akilitafuta ataambiwa liko kazini. Akalipitisha mkasi bila kupepesa, akanishonea mkono mmoja mrefu, kama shati la chatu. Kitambaa safi, hakipitishi hewa. Nikawasha, na mkono ukajinyonya wenyewe, ukalala bapa kama utumbo usio na kitu. Hewa haipiti hata ya kuzima mshumaa.

Ulihitaji mifupa. Nikazungusha waya wa uzio kwenye bomba la chuma mpaka ukawa springi ndefu, nikaitia ndani ya mkono. Nikivuta huku, springi yote inakimbilia kule, kama soksi iliyolegea. Mama akasema anaweza kushona vifereji vya kushikilia waya, kama vile vya kupitishia kamba ya suruali. Lakini kila kifereji kingezunguka na kujifunga chenyewe, pete na pete. Waya ningeukatakata vipande, na kila ncha ingetoboa koti.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Mwenyekiti alipita kuchungulia, akaniuliza kama nimeshaanza kuufuta msumeno wa watu. Wa watu, alisema. Niliendelea kukunja waya, maana ningefungua mdomo ningetukana mkubwa.

Mama alikuwa amekaa na lile koti mapajani, mara akaanza kucheka peke yake. Zamani, akasema, alikuwa na mwanafunzi, akampa sketi ya mistari aiunganishe. Binti akakosea mstari mmoja tu kwenye mshono, wa kwanza akauunga na wa pili, wa pili na wa tatu, hivyo hivyo mpaka chini. Mteja alipoivaa, mistari ikampanda mwilini kama nyoka anayepanda nguzo.

"Nilimgombeza siku nzima," mama akasema. "Leo nakosea makusudi."

Akaufumua ule mkono, akautandaza, akaupiga vifereji vilivyonyooka toka ukingo hadi ukingo. Kisha akaunga kingo mbili, akiruka kifereji kimoja. Sasa vile vifereji vyote vikawa njia moja, inapanda na kuzunguka. Nikapaka waya sabuni, nikawa naizungusha springi taratibu kama mtu anayekaza skrubu, nayo ikaingia, ikazunguka, ikaingia, mpaka ncha ikachungulia upande wa pili. Nikaukunja mpira wetu mpya kwenye goti, ukakunjika. Nikauachia, ukarudi. Nilimbeba mama juu na tepu yake shingoni.

Jumamosi Mwenyekiti alikuja na fundi wake na mkokoteni. Bitana ikatundikwa. Nikafunga mlango, nikakata ubao, tena mninga, wenye vumbi la kuwasha. Mpira ulitetemeka, ukakaa wazi, vumbi likawa linapita ndani linasikika kama mvua ya mbali. Nilipozima, Mwenyekiti alivaa miwani, akaisogelea bitana mpaka pua ikaloa. Nyeusi ti.

Akavua miwani akasema, sawa, lakini kuna makelele. Mgonjwa anataka utulivu.

"Ulisema tatizo ni vumbi," nikamwambia. "Sasa kama ni mimi, sema ni mimi, fundi asikie."

Akaanza kuifuta miwani. Fundi aliinama akaukagua mpira, akasema yeye alifuata kitu kinachouzwa na hapa hakioni. Akaondoka na mkokoteni wake mtupu.

Baba akafika mchana, kakonda, anatembea kwa kushika ukuta. Mwenyekiti akamfuata mpaka kitandani na hoja zote upya. Mimi nikamwambia baba nitakata ubao mmoja, na kifua kikimbana hata kidogo agonge ukuta. Huko nyuma nikaukagua mpira mara mbili. Ubishi wote ule, na sasa ni mapafu yake kweli, sio kitambaa. Nikawasha, nikakata, nikazima, nikatega sikio.

Ukuta ukagongwa.

Nilikimbia nikajikwaa kwenye kizingiti. Baba alikuwa ameegemea mito, anapumua vizuri tu, na Mwenyekiti pembeni yake kainua kidole katikati ya hotuba.

"Mbona umezima?" baba akaniuliza. "Ulipokuwa unakata, kaka alikuwa amenyamaza."

Nikarudi nikawasha.