Sinki Lililoomba Hewa

Siku ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana, fundi bomba mmoja aliyeitwa Mama Koleo alijilaza chali chini ya sinki la jikoni, ghorofa ya pili, akafungua ile kona ya bomba ambayo hubaki na maji kidogo ili harufu isipande. Alitoa bonge la nywele, vifungo viwili vya shati, na vumbi la saruji la kujaa kiganja. Vumbi hilo alilimwaga juu ya gazeti, akalitazama kwa muda, kisha akairudisha kona mahali pake na kukaza.

"Mimina," alisema.

Mwenye chumba alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye kazi yake ilikuwa kuchapa barua za watu kwa taipureta nje ya ofisi za serikali. Alimimina beseni zima. Maji yalishuka, sinki likagugumia kama lilivyogugumia kila siku kwa miaka miwili. Halafu likakohoa, na sauti ya kiume ikasema, "Dada, naomba hewa."

Maji yakaisha, na sauti ikaisha.

Mama Koleo alifuta mikono. "Hili si tatizo la uchafu, mwanangu. Ni la hewa."

Akaeleza. Maji yakiteremka bombani huvuta hewa nyuma yake. Ndiyo maana kila jengo huwa na bomba moja linalopanda mpaka juu ya paa, mdomo wazi, lisilo na kazi nyingine ila kupumua. Mdomo huo ukizibwa, maji huitafuta hewa popote, huinyonya kupitia masinki ya watu, na masinki hulalamika.

"Nimesikia mengi yakilalamika," alisema. "Hili ndilo la kwanza kusema naomba. Amelelewa vizuri huyo."

"Ni mdogo wangu," alisema Mchapaji.

Mdogo wake naye alikuwa fundi bomba. Watu walimwita Kasuku kwa sababu hakujua kunyamaza. Miaka tisa iliyopita alifanya kazi kwenye jengo hili hili lilipokuwa linajengwa, na Alhamisi moja hakurudi nyumbani. Kampuni ya ujenzi ilileta barua ya mstari mmoja: ameacha kazi kwa hiari yake bila kuaga. Mchapaji alikuwa amechapa barua nyingi za mstari mmoja maishani, hakuiamini. Mama yao aliiamini. Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la mwanawe, na akiulizwa ana watoto wangapi alijibu mmoja. Mchapaji alisubiri miaka saba mpaka chumba kikapatikana kwenye jengo hilo, akahamia na mama yake, kwani hiyo ndiyo ilikuwa anwani ya mwisho ya mdogo wake.

Alijaza beseni la pili. "Uko wapi?" aliuliza huku akimimina.

"Ndani ya ukuta," sinki lilisema, "kwenye uwazi yanakopita mabomba, juu kabisa karibu na paa. Nilishuka kukaza kiungio. Wakamwaga zege juu ya..."

Maji yakaisha. Mchapaji alijaza la tatu.

"...juu yangu. Niligonga bomba. Msimamizi alisikia. Akasema mwenye nyumba anazindua jengo kesho, hawawezi kuvunja."

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni na nguo alizokuwa akizikunja. Aliziweka mezani, akampita binti yake bila kumtazama, akajaza sufuria na kuimimina polepole, kama mtu anayempimia mgonjwa dawa.

"Umekula?" aliuliza.

"Sijala, Mama."

Akajaza tena. "Nilidhani umenikimbia."

"Nilikuwa nawasikia mkiosha vyombo. Mama, bado unaacha koki wazi ukienda kuongea na majirani."

Mama alifunga koki. Alikaa kwenye kiti, akafuta uso kwa kitambaa cha vyombo, kisha akalitaja jina la mwanawe, lile alilompa yeye mwenyewe, si la utani. Alilitaja mara tatu, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu viatu vilivyokaa kabatini muda mrefu.

Mchapaji alitaka maelezo kamili, yenye tarehe na saa, lakini beseni moja lilitoa sentensi moja tu. Kwa hiyo alipanda na kushuka ngazi siku tatu, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wapangaji wote waoshe vyombo kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeuliza maswali mengi. Wengine walisema afadhali, kelele za sinki zilikuwa zinawaamsha watoto.

Jumamosi saa kumi alasiri, ghorofa zote tano zilianza kumwaga. Walimwaga maji ya vyombo, maji ya kufulia, maji ya kuogeshea watoto. Mchapaji alikuwa ameisogeza meza yake mpaka kwenye sinki. Kasuku alisema kwa dakika arobaini mfululizo naye akachapa bila kuinua kichwa. Kinyozi wa ghorofa ya tatu aliinama kwenye ngazi.

"Amefika wapi?"

"Kwa msimamizi."

"Basi naongeza ndoo."

Jumatatu Mchapaji alipeleka kurasa nne alizochapa kwa mkaguzi wa majengo. Mkaguzi alizisoma zote, akasema zimechapwa vizuri sana, ila hazina sahihi ya mtoa maelezo. Mchapaji akamwambia mtoa maelezo hana pa kutolea mkono, ni vyema aje amsikilize. Jumatano mkaguzi alikuja. Alivua kofia, akavuta kiti karibu na sinki, akauliza maswali kumi na moja na kuandika majibu kumi na moja, huku Mama akimimina maji.

"Taarifa ya kifo inahitaji aliyekufa," alisema mwishowe. "Huyu anapumua. Kwa shida, lakini anapumua. Na maelezo ya mtu aliye hai yanahitaji sahihi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo barua ya kampuni inabaki kama ilivyo."

Alikunywa chai aliyoandaliwa. Alikiosha kikombe yeye mwenyewe, maana alikuwa mtu wa adabu, na sinki likamwambia asante.

Mama Koleo alirudi jioni hiyo. Alisema anaweza kutoboa zege la paa na kuufungua mdomo wa bomba. Kasuku angepata hewa. "Lakini mjue," alisema, "maji yakipata hewa hayasemi. Sinki litanyamaza."

Mchapaji alimimina beseni. Kasuku akajibu neno moja: "Toboeni."

"Nimempata wiki iliyopita tu," alisema Mama.

Aliendelea kukaa, mikono mapajani, mpaka chai ikapoa.

"Miaka tisa nilimnyima jina," alisema. "Nisimnyime na pumzi."

Ijumaa asubuhi walipanda juu na nyundo na tindo. Mwenye nyumba alikuwa amelitandika paa vigae vya bluu na kuweka viti vya kupumzikia. Alifika mbio akasema wanaharibu vigae vyake.

"Ndiyo," alisema Mama Koleo, akaendelea kugonga. Alipochoka, Mchapaji alipokea nyundo. Mchapaji alipochoka, Mama yao akaipokea.

Saa sita mchana tindo lilizama. Hewa ikaanza kuingia kwenye tundu, ikaingia kwa muda mrefu sana, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Ilivuta vumbi, ikavuta majani makavu, ikavuta kofia ya mwenye nyumba, na kofia haikurudi. Kisha ikatoka, ya uvuguvugu, ikinuka saruji na sabuni za vyombo za miaka yote ile. Mama Koleo alisimika kipande cha bomba kwenye tundu, akakizungushia saruji. Kule chini maji yalishuka katika kila sinki bila kelele yoyote.

Sasa kila alasiri Mama hupanda juu, huweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, na pumzi hukipasha moto. Humpa habari za nyumbani. Bomba halijibu, naye hajali. Anasema huyo mtoto ilikuwa lazima ajifunze kusikiliza.

Na kila Jumatatu Mchapaji huchapa upya kurasa zile nne na kuzipeleka. Mkaguzi hugonga mhuri wa kupokelewa. Faili limekuwa nene, limefungwa kwa kamba, na ndani yake ile barua ya mstari mmoja ingali juu kabisa.

"Dada," mkaguzi alimwambia Jumatatu iliyopita, kwa upole, "jibu ni lile lile."

"Na maelezo ni yale yale," alisema Mchapaji. "Gonga mhuri."