Breki ya Daktari

Katika ukumbi ule wa mtandaoni wa wapenda magari ya zamani, mgeni lazima aoshwe. Ndivyo walivyosema wenyewe. Mgeni akija na shida yake, wenyeji wanampa dawa ya kipuuzi na kuiunga mkono mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja kucheka. Mchezo ulikuwa na sheria moja tu, nayo waliiita breki: aliyetoa dawa ndiye anayemwandikia mgeni faraghani, kabla hajashika spana, kwamba ametaniwa. Hapo ndipo anapewa jibu la kweli, na watu wanavunjika mbavu pamoja naye.

Bingwa wa kuosha alikuwa Daktari. Ukumbini akiandika "hiyo ni gasketi," mjadala umekwisha. Nje ya ukumbi alikuwa muuza vipuri, mwanamume wa miaka thelathini na minane anayejua namba ya kila bolti kwa kichwa na ambaye, tuseme ukweli, hajawahi kufungua injini hata moja. Gari lake mwenyewe lilikuwa juu ya mawe mwaka wa nne. Baba yake alilijua hilo, na alilisema mbele ya wakwe wa binti yake, sahani zikiwa bado mezani: "Huyu? Huyu ni fundi wa mdomo." Wakwe walicheka hadi machozi. Miezi minane sasa Daktari hakuwa amekanyaga kwa wazazi wake.

Jumanne, saa nne asubuhi, dukani hakuna mteja, akaingia ukumbini mgeni aliyejiita Cherehani.

"Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni fundi cherehani mstaafu, mambo ya injini siyajui. Gari langu linatoa moshi mweusi na linakohoa. Mke wangu anafanyiwa upasuaji wa macho Alhamisi, na nimemwahidi kumpeleka mwenyewe kwa gari hili. Naomba msaada wenu."

Daktari alilitambua gari kabla hata hajaikuza picha iliyoambatana na ujumbe. Mlango wa kushoto ulikuwa umebonyea pale alipougongesha getini akiwa na miaka kumi na sita. Baba yake, mzee asiyemwomba mtu hata maji ya kunywa, alikuwa akiwaomba watu asiowajua, mradi tu asimwombe yeye.

"Daktari, mgonjwa wako huyo," mmoja akachokoza.

Daktari akaandika: "Mzee, injini imejaa masizi. Mwaga oili yote, jaza maji ya sabuni ya unga, washa, iache ingurume nusu saa. Usizime hata ikilalamika."

"Dawa hiyo ndiyo iliyoniokoa mimi," akasema mwingine.

"Sabuni iwe ya povu jingi, mzee wangu."

Cherehani akajibu: "Mungu awabariki. Naanza sasa hivi."

Daktari alifungua ujumbe wa faragha. Aliandika, "Mzee usifanye, ni utani," kidole kikasimama. Akawaza: atanipigia. Mtu mwenye mtoto muuza vipuri hatatia sabuni kwenye injini bila kumuuliza. Atanipigia, nitamwokoa, na itambidi aseme, mwanangu nilikukosea. Akafuta alichoandika, akaiweka simu kifudifudi juu ya kaunta, akamhudumia mtu aliyetaka plagi.

Aliporudi alikuta ujumbe wa Mama Klachi, dereva wa lori mstaafu, mkongwe wa ukumbi. "Huyo ni mtu mzima na ana mgonjwa. Umevuta breki?"

"Kitambo," Daktari akajibu.

Saa sita kasoro simu ikaita. Ni baba. Daktari aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako kasema nikupigie, basi nakupigia." Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa ikinguruma, na ndani ya mngurumo chuma kilikuwa kikigonga chuma. "Usijisumbue na Alhamisi. Gari linapona. Nimepata watu mtandaoni, watu wa maana. Kuna mmoja wanamwita Daktari. Hanijui, hajala kwangu hata tonge, na kaacha shughuli zake kunielekeza. Ningezaa mmoja wa namna ile, ningekufa nimeridhika."

Baba, zima. Maneno mawili tu, na yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini sifa zile zilimwingia tamu, na papo hapo zikamchoma, maana hazikuwa zake.

"Linagonga gonga kidogo," baba akasema. Kisha akauliza kwa sauti ambayo Daktari hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba. "Wewe unaonaje, mwanangu?"

Ndicho alichokuwa akikingoja miezi minane. Akakipata, na roho yake ya korosho ikakitema.

"Mimi fundi wa mdomo tu, baba. Msikilize huyo Daktari."

Kishindo kimoja, kisha kimya. Kwa mbali mama akauliza, "Mbona limenyamaza?" Simu ikakatika.

Dakika tano baadaye Cherehani alituma picha ukumbini. Povu la kijivu lilikuwa limetapakaa chini ya gari, na pembeni ilionekana miguu ya mama ndani ya kandambili.

"Shikamoo Daktari. Nimefuata kama ulivyosema. Limezima na haligeuki tena. Najua kosa ni langu, mimi si fundi. Tafadhali nielekeze."

Vicheko vikamiminika. Walidhani breki imevutwa zamani na mzee anaendeleza utani. "Cherehani kiboko!" waliandika. "Hadi povu kalitengeneza!" Mama Klachi peke yake hakucheka. Aliandika jina la Daktari tu, na alama ya kuuliza.

Wote wakamngoja yeye. Daktari aliisoma tena ile salamu ya mwanzo wa ujumbe. Baba yake alikuwa amemwamkia, na shikamoo haiachwi bila kujibiwa.

"Marahaba," akaandika, akaituma hivyo hivyo.