Mche Ndani ya Leso

Majani ya mgomba wa kwanza yaligeuka manjano kuanzia pembeni, yakalegea, yakaning'inia kulizunguka shina kama sketi kuukuu. Nabwire alidhani ni kiu, kwa kuwa mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame, akaumwagilia maji. Kufikia mvua za Aprili, migomba yake ya ndizi tamu nyuma ya nyumba pale Langas ilikuwa ikifa mmoja baada ya mwingine. Ile ya ndizi za kupika ilisimama kijani, kana kwamba msiba wa jirani zake haukuihusu.

Ndizi tamu ndizo zilizomsomesha mwanawe Elphas baada ya mumewe kufariki. Sasa Elphas alikuwa ameoa, na watu hawakukosa la kusema. Kwenye kikao cha akina mama wa chama cha akiba, mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama Kageha, mkamwana kutoka Maragoli, hakuja na mkosi. Nabwire alimwambia amwache mtoto wa watu, akaondoka kabla ya chai.

Afisa wa kilimo, kijana mpole aitwaye Kituyi, alifika siku ambayo Kageha alikuwa amekwenda kliniki, maana mimba yake ilikuwa imekua. Alikata shina, akamwonyesha Nabwire madoa ya rangi ya kutu yaliyojipanga ndani kama pete. Alieleza kuwa huo ni ukungu unaoishi ardhini, kwamba una aina zake, na aina hii huchagua ndizi tamu na kuziacha za kupika. Hauna dawa. Migomba ing'olewe, ichomwe papo hapo, na ndizi tamu zisipandwe hapo tena. Kisha akauliza kama kuna mche wowote ulioletwa kutoka mbali.

Nabwire aliutazama mgomba wa karibu na bafu, ule uliotangulia kunyauka. Hakuhitaji kufikiri.

"Basi ugonjwa ulikuja na huo, Mama," Kituyi alisema. "Ulikuwa kwenye mizizi."

Alipoondoka, hasira ilimpanda Nabwire. Miaka yote ile ya jembe na samadi! Kisha akamkumbuka Kageha siku alipoingia uani humo bibi harusi, mche umefungwa ndani ya leso, ameukumbatia kama mtoto mchanga. Mamake alikuwa kitandani, hana kingine cha kumpa bintiye. Hakuifikia Krismasi.

Kesho yake waling'oa pamoja, Nabwire akichimba, Kageha akikusanya majani. Walipofika kwenye mgomba wa karibu na bafu, Kageha alisimama, mkono kiunoni.

"Mama, afisa alisema ugonjwa ulitoka wapi?"

Nabwire alipiga jembe kidogo kabla ya kujibu. "Alisema uko kwenye udongo."

"Udongo wa wapi?"

"Udongo ni udongo, mwanangu. Usiiname, niachie mimi."

Kageha aliweka kiganja juu ya shina, akakiacha hapo kwa kitambo, kisha akasogea kando.

Waliwasha moto kwa mabua makavu ya mahindi. Machozi yalipomtoka, Kageha alisema ni moshi. Nabwire aliuzunguka moto, akaja kusimama upande ule ule, bega kwa bega naye, moshi ukawapata wote wawili.