Maji ya Mubuku Hayafiki Mwanza

Basi lilikuwa juu ya daraja la Busisi, Mkolani imeshabaki nyuma, ndipo Dorcas alipoacha kununa.

"Baba, huko Kasese una nani?"

Dorcas ni binti yangu wa pekee. Anafundisha Jiografia kwenye sekondari moja ya Sengerema, na alikuwa anashukia hapo hapo. Mimi nilikuwa naendelea: Bukoba, Mutukula, Mbarara, hadi milima ya Rwenzori. Nina miaka sitini na minane na goti moja bovu. Nimezunguka sana, Geita kwenye dhahabu, Mpanda kwenye mbao, Ukerewe kwenye dagaa. Mama yake, Ng'washi, alifariki mwaka wa tatu huu, nikaona hata nikisema ukweli haitamuumiza.

"Anaitwa Biira. Mayu, mwanangu, ni kabla ya mama yako. Wakati wa vita."

Nikamweleza. Mwaka sabini na tisa nilikuwa mgambo, tukaingia Uganda tukapigana hadi kule magharibi, kikosi chetu kikawekwa kando ya mto Mubuku. Mto ule hauanzii kwenye chemchemi kama hii ya kwetu. Unaanzia kwenye barafu, juu kabisa, mahali ambapo jua la ikweta linakupiga na bado unatetemeka. Unapita kwenye matope yenye majani marefu kuliko mtu, unapita mianzi, unafika chini unasukuma mawe, na ukikaa kimya unayasikia yakigongana. Ukitia mkono, mfupa unauma. Biira alikuwa akichota maji pale, akanikuta naoga narukaruka kama mbuzi. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

Mwaka themanini na moja tukaamriwa kurudi. Nikamwambia, mimi Luhaga kwetu ni ziwani. Ukinitaka, ziba kibuyu kwa nta, tupa mtoni, kitanifikia nami nitakuja. Sikuwa natania. Sisi tuliozaliwa huku, ukisema ziwa, hakuna anayekuuliza ziwa gani. Simiyu inaingia ziwani, Kagera inaingia ziwani. Mto uende wapi tena?

"Kwa hiyo ukawa unangoja kibuyu," Dorcas alisema.

"Miaka mingi. Kila mwalo niliofika, nilitazama kwanza takataka zilizoletwa na mawimbi, ndipo nitazame samaki."

Alichomoa kalamu akageuza tiketi yangu.

"Angalia. Mubuku unaingia Ziwa George. Maji yanapita mfereji wa Kazinga, yanaingia Ziwa Edward. Kutoka Edward yanachukuliwa na Semliki, yanazunguka mlima kwa nyuma, upande wa Kongo, yanakwenda Ziwa Albert. Haya yetu yanatokea Jinja, yanapita Kyoga, yanaingia Albert vilevile. Yanakutana huko, baba, halafu yanakwenda Misri. Hapa Mwanza hayafiki."

"Hata tone?"

"Hata tone. Mzee mzima! Si ungeniuliza?"

"Ulikuwa hujazaliwa."

Alicheka, akanirudishia tiketi. "Sasa unakwenda kumwambia nini?"

"Kwamba sikupata kibuyu. Redio imesema barafu ya kule inakwisha. Ikiisha, na kama yeye naye keshakufa, nitabaki peke yangu ninayejua mto ule na ahadi ile."

Dorcas alishuka Sengerema bila kunibishia.

Siku ya tatu nilifika Bugoye, huko Kasese. Nikaulizia Biira, watu wakaniuliza Biira yupi, maana kwa Wakonzo kila binti wa pili ni Biira. Nikasema, yule wa mkombozi. Hivyo ndivyo walivyotuita askari wa Tanzania. Wanawake wawili wakaangaliana, wakacheka, wakanipeleka.

Alikuwa anaanika kahawa kwenye mkeka. Nywele nyeupe zote. Alinitazama kitambo.

"Mkombozi. Umezeeka vibaya."

"Biira, nimekuja kukuambia kitu. Kibuyu hakikufika. Mto wenu hauji kwetu. Sikujua."

"Nilitupa viwili, mwaka ule ule ulioondoka. Halafu wavuvi wa Ziwa George wakanicheka, wakaniambia vinakokwenda."

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua. Nikasema sawa, mto umekwenda zake, lakini mkombozi mwenyewe si ana miguu? Basi la Mbarara lilikuwepo, Luhaga. Jumanne na Ijumaa. Nilikuwa nakwenda kusimama pale barabarani nikitazama wanaoshuka."

Miguu hii ilinifikisha Mpanda. Ilinifikisha Geita mara nne. Kungoja kibuyu kulikuwa rahisi, unaweza kungoja huku unakwenda kwingine.

"Ukaolewa?"

"Ulitaka niolewe na basi?" Akageuza kahawa kwa mkono. "Nimezaa sita. Mume wangu nilimzika mwaka juzi. Alikuwa mtu mzuri, hakwenda mbali."

"Nikikaa hapa? Mke wangu naye amefariki, nina binti mmoja tu."

Alitoa kokoto moja kwenye kahawa, akaitupa.

"Kaa mpaka mawingu yafunguke, uuone mlima. Halafu rudi kwa binti yako."

Nililala kwa mmoja wa wanawe, Baluku. Mawingu yalifunguka siku ya sita, asubuhi, kwa muda wa kusonga ugali. Ule weupe niliouacha umefunika vilele ulikuwa umebaki vipande vipande, kama chokaa inayobanduka ukutani. Biira alisimama karibu nami, hakuniruhusu nimbebee ndoo. Siku iliyofuata, Ijumaa, nilipanda basi.

Biira yuko hai, anauza kahawa yake, macho yanamsumbua. Baluku anawapandisha wageni mlimani na anasema maji mengi ya mto ni ya mvua. Dorcas amehamia Geita. Mimi nimepanga chumba Igoma, hapa Mwanza, na tangu nirudi sijasafiri.