Sekunde Tisa Mlangoni kwa Dobi

Bandeji ilipofunguliwa siku ya Jumatano, mzee alilitazama dirisha la kliniki, akavitazama viatu vya daktari, kisha akamgeukia binti yake akamwambia, "Kumbe umenenepa."

Daktari alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. Binti akajifanya kununa, lakini moyoni alikuwa anaruka kama mtoto. Kwa miaka mitano mtoto wa jicho alikuwa amemtandia baba yake ukungu machoni, na sasa jicho la kulia lilikuwa limefunguka, la kushoto likisubiri zamu yake.

Njiani kurudi mzee alisoma vibao vya maduka kwa sauti, kimoja kimoja, kama mtu anayesalimia marafiki. Walipofika kwake akasema, "Jumapili nataka kumwona mama yako. Mwandae."

Mtu baki angedhani mzee akili zimeanza kuhama, maana mama huyo alikuwa ameshafariki mwaka wa sita sasa. Binti alielewa. Katika familia yao, kumwona mama kulikuwa na maana moja tu: kuweka kwenye deki kaseti ya ile filamu ya karani.

Ilikuwa filamu ya zamani, watu wazima wote waliijua. Kabla binti hajazaliwa, wapiga filamu walikuja kwenye mtaa ambao mama yake alikuwa mpiga pasi kwa dobi, wakamwambia atoke mlangoni, akung'ute shuka, arudi ndani, na asithubutu kuitazama kamera. Mama akatoka, akakung'uta shuka, akaitazama kamera kavukavu huku amebana midomo asije akacheka. Haijulikani kwa nini hawakukikata kipande hicho. Sekunde tisa, na uso wake umejaa nusu ya kioo.

Kila walipoitazama, mtu mmoja angepiga kelele, "Simamisha!" Kaseti ingesimama hapo hapo, picha ikitetemeka, nao wangeanza kumchambua mama mbele ya macho yake mwenyewe: ona mabega, ona anavyojidai, shuka lenyewe chafu. Mama angewarushia mto. Wangerudisha nyuma, waitazame tena, wasimamishe tena. Mara nyingi chakula kilikuwa tayari kabla filamu haijafika katikati. Na alipofariki, waliisimamisha muda mrefu zaidi.

Alhamisi jioni binti aliitoa kaseti kabatini ili aijaribu. Mumewe, fundi wa marumaru, alikuwa amejilaza kwenye mkeka huku mtoto wao wa kike amemlalia kifuani. Filamu ilianza vizuri. Karani akapanda ngazi, akaangusha mafaili, akakosana na bosi. Akashuka mtaani. Mlango wa dobi ukatokea, na papo hapo kioo kikajaa mistari na chenga kama mvua ya mawe. Ndani ya chenga kitu cheupe kilipepea kidogo, kisha karani akarejea, safi kabisa, anavuka barabara.

Alirudisha nyuma. Chenga zile zile, mahali pale pale.

"Ndiyo hivyo," mumewe alisema. "Ukisimamisha kaseti, kile kichwa cha deki hakisimami. Kinazunguka kinaisugua kanda sehemu moja hiyo hiyo. Mmemsugua mama mkwe mpaka mkammaliza." Kisha akamwona mkewe macho yamejaa machozi. "Nisamehe, mke wangu. Mdomo umeteleza. Sikiliza, si wametoa diski mpya? Nimeliona bango dukani kwa Bwana Kaseti. Imesafishwa upya, eti inang'aa kuliko siku ilipotoka."

Binti akafuta machozi kwa kitambaa cha mtoto. Kusafisha picha alikujua vizuri. Ndiyo kazi iliyokuwa ikimpa riziki kwenye studio ya picha: watu walikuja kupiga picha za vitambulisho na za harusi, na karibu wote waliaga kwa neno moja, "Nisafishe kidogo." Alikuwa akiwaondolea chunusi, mikunjo, weusi wa chini ya macho. Wateja walitoka wamefurahi. Kwa hiyo alilala na matumaini.

Ijumaa alipotoka kazini alipitia kwa Bwana Kaseti. Duka lile siku hizi nusu yake lilikuwa vifuniko vya simu, lakini ukuta wa nyuma bado ulikuwa wa filamu, na mwenyewe alikuwa bado ni yule yule: miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na kila mteja anapewa hukumu kabla ya chenji.

"Ile ya karani, mpya," binti aliagiza.

Bwana Kaseti alilishusha boksi, lakini hakumpa. "Dada, nikuuzie, au nikwambie ukweli?"

"Vyote viwili haviwezekani?"

"Kwa diski hii haviwezekani. Boksi ni zuri, boksi hata mimi ningelinunua. Ndani ndiko kwenye kilio. Wameipanua ili ijae kwenye televisheni hizi pana, basi wamefyeka juu na chini. Unaikumbuka kofia ya karani? Isahau. Halafu rangi! Kila kitu buluu, utafikiri watu wanaishi ndani ya friji."

"Mimi nataka sekunde tisa tu."

"Unanunua filamu nzima kwa sekunde tisa?"

"Mama yangu yumo."

Bwana Kaseti alimtazama. Akavaa miwani, akalichana boksi, akaweka diski kwenye mashine ya dukani na kuipeleka mbele mpaka mtaa wa dobi ukatokea.

Mwanzoni binti alifurahi. Hakuna chenga, hakuna mtetemo. Shuka lilionekana mpaka pindo lake, na vidole vya mama vilivyolishika, na kifungo kilichokatika kwenye blauzi yake. Mama akainua uso, akaitazama kamera.

Binti akasogea. Akasogea tena mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Rudisha," akasema. Ikarudishwa. "Tena."

Kwenye shavu la kushoto la mama yake palikuwa na kovu la moto, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, jeusi na lenye kung'aa. Binti hakuwahi kumwona bila hilo. Hapa halikuwepo. Waliosafisha filamu walilidhania doa la mkanda, wakalifuta, na kwa vile mkono ulishazoea wakapitisha brashi uso mzima, ukawa laini kama kipande cha sabuni kilicholowa. Binti hakuhitaji kuambiwa. Aliijua brashi ile na jinsi inavyoshikwa.

"Vipi?" Bwana Kaseti aliuliza kwa upole. "Nikufungie?"

"Jicho lake bado bichi," binti alijisemea zaidi kuliko kujibu. "Huenda asigundue."

"Nani?"

"Baba."

"Maboksi yamebaki mawili. Nakuwekea moja mpaka kesho. Lakini sikushauri, na mimi ndiye muuzaji."

Jumamosi asubuhi alikwenda kumtia baba yake dawa ya jicho, mtoto akiwa mgongoni. Mzee aliishi mtaa wa pili, chumba kimoja na kibaraza. Alimkuta amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, uso umeelekea picha kubwa ya mama iliyokuwa juu ya kitanda.

Picha hiyo binti ndiye aliyeitengeneza, miaka minne iliyopita, mwezi wa kwanza alipopata kazi studio. Ile ndogo ya awali ilikuwa imegandana na kioo cha fremu. Aliipiga picha ikiwa humo humo ndani, na alipoibandua ilichanika, akabaki na nakala ya kwenye kompyuta tu. Akaikuza, akaisafisha, akaihifadhi juu ya nakala ile ile. Alikuwa ametoka kujifunza, na alitaka kumpa mama yake kila kitu alichokuwa amejifunza. Baba yake alipoipokea alikipapasa kioo kwa kiganja akasema asante sana, mwanangu.

"Njoo usimame hapa," mzee alisema sasa. "Huyu ni nani?"

"Baba, acha utani."

"Sitanii. Tangu Jumatano namwangalia. Miaka yote hii nilijua ni macho yangu. Nilisema, ukungu umelila kovu la mke wangu, siku nikipona nitaliona. Nimepona. Liko wapi?"

Mtoto mgongoni alikuwa akimvuta binti hereni, naye hakumzuia.

"Nililitoa mimi," akasema mwishowe. "Nilikuwa namsafisha."

"Kwani alikuwa mchafu?"

"Nilidhani nampendezesha, baba."

Mzee alikaa kitandani, akapapasa pembeni yake, na binti akakaa. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Lile kovu ni kazi yangu," alisema. "Hakukwambia? Alikuwa anaona haya, na mimi pia. Nilipeleka shati kwa dobi. Sikuwa na haja ya kufuliwa, nilikuwa na haja ya kuongea. Nikasimama dirishani namchekesha, naye anapuliza pasi ya mkaa huku ananiangalia mimi. Cheche ikaruka. Nilikimbia kutafuta maji, niliporudi kashajipaka dawa ya meno, ananiambia shati lako litakuwa tayari Alhamisi. Nikajua huyu simwachi." Akaigeukia picha. "Kila asubuhi nilikuwa naamka upande ule wa shavu. Ndiyo maana nimekwambia umwandae. Hapa ukutani hayupo, lakini kule kwenye kaseti najua yupo."

Binti alimtia dawa matone mawili, la tatu likaanguka kwenye ndevu. Hakumwambia habari ya chenga. Alitoka pale akiwa amepiga moyo konde kwa jambo moja tu: diski haitaingia kwenye nyumba yake. Zaidi ya hapo hakujua atafanya nini.

Alipofika dukani ili amwambie Bwana Kaseti asimwekee tena, alikuta mteja mwingine mbele yake, bwana mmoja mwenye tai, anapokea lile boksi zuri na huku anatoa kaseti kuukuu kwenye bahasha. Bwana Kaseti aliipokea na kuitupia kwenye katoni chini ya meza.

"Unazipeleka wapi hizo?" binti aliuliza yule bwana alipoondoka.

"Popote. Kampuni imesema, anayeleta kaseti ya zamani ya filamu hii apunguziwe bei. Ziko sita humo. Watu wanatoa filamu yenye kofia wanachukua isiyo na kofia, na wanashukuru."

Binti aliitazama katoni. Mambo yalimjia polepole, kama maji yanayopanda kwenye ndoo. Kaseti yao ilichakaa pale mlangoni kwa sababu hapo ndipo wao walipokuwa wakimsimamisha mama. Lakini watu wengine walikuwa na haja gani na mwanamke wa shuka? Katika nyumba nyingine zote alitoka, akakung'uta, akaingia ndani, na hakuna aliyemgusa.

"Kaka," alisema, "una deki inayofanya kazi?"

"Unaniuliza mimi kama nina deki! Muulize na mvuvi kama ana ndoana."

Waliketi nyuma ya duka, mtoto akipewa vifuniko vya simu vya kuchezea. Kaseti ya kwanza ilikuwa imeshika ukungu, haikufaa. Ya pili iliwaka vizuri, ikajaa chenga kwenye dansi ya harusi, karani anapocheza na binti wa bosi. "Huyu alikuwa anajifunza kucheza," Bwana Kaseti alitoa hukumu. Lakini picha iliruka pia pale mtaa wa dobi, mkanda ulikuwa umekunjika. Ya tatu ilikuwa ile ya bwana mwenye tai. Chenga zake zote zilikuwa pale karani anapomtukana bosi na kutupa funguo mezani.

"Masikini, sijui anafanya kazi wapi," Bwana Kaseti alisema, nao wakacheka mpaka mtoto akacheka bila kujua sababu.

Kwa dobi ilikuwa nzima. Picha haikung'aa. Ilikuwa na chembechembe na rangi ya chai iliyopoa, na mistari miwili myembamba upande wa kulia. Mama akatoka na shuka, akageuka, na kovu lilikuwa pale pale shavuni. Bwana Kaseti alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi, akaitoa kaseti na kumwekea mkononi.

"Siuzi hizi. Chukua. Na ukisimamisha hata mara moja, nakuja kuichukua mwenyewe."

Jumapili baada ya chakula cha mchana mzee alikuja amevaa shati la pasi. Akakaa karibu na kioo kuliko daktari alivyoruhusu. Fundi wa marumaru akafunga pazia. Mtoto akapakatwa na babu yake.

Karani akaangusha mafaili. Akashuka mtaani. Binti alijikuta amekalia mikono yake yote miwili.

Mlango wa dobi ukafunguka. Mzee hakusogea, hata pumzi hakuvuta. Sekunde tisa zikapita zote, shuka, mabega, jicho likiitazama kamera, shavu. Kisha karani akavuka barabara.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee alitoa leso, akajifuta jicho la kushoto, lile ambalo bado halioni, akaikunja leso taratibu na kuirudisha mfukoni.

"Yupo," alisema.

"Nikurudishie, baba?" binti aliuliza.

"Hapana. Acha iende." Alimwinua mjukuu akamweka vizuri pajani. "Hivi huyu karani anapata kazi nyingine, au ndiyo basi tena? Miaka yote hii sijawahi kujua."

"Hata mimi sijui," binti alisema.

"Hata wewe! Basi kaa chini tuone."

Akakaa mkekani, mgongo kwenye magoti ya baba yake, na mumewe akaongeza sauti.