Mwisho Uliopotelea Njiani

Roho ya Leocadia ilikuwa juu tangu asubuhi, wala si kwa sababu ya filamu. Jumapili alikuwa anaozwa kwa Don Abundio, mgane mwenye kinu, mwenye mizeituni, na mwenye ukumbi huu wa sinema ambamo baba yake, Hilarión, alipata riziki. Alikuwa amelia, amegoma kula, na jibu la baba lilikuwa lile lile: mwenye nguvu mpishe.

Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Hilarión alisimama kando ya pazia la kuonyeshea picha akiwasimulia watu kinachotokea, na Leocadia alikaa nyuma ya pazia akitoa milio: kengele ya kanisa, ngurumo, na farasi kwa viatu viwili vya mbao.

Jioni hiyo ilikuwa picha ya binti anayelazimishwa kuolewa na mzee tajiri. Kana kwamba hazikuwapo nyingine duniani! Binti alipofika mlangoni mwa kanisa, pazia likabaki jeupe. Mkanda wa mwisho ulikuwa umepotelea njiani, kati ya kijiji picha ilikotoka na hiki.

Watu wakazomea, wakamtaka Hilarión aimalizie picha kwa mdomo.

"Tuambie, Hilarión," Don Abundio akasema kutoka kiti cha mbele, kwa upole uliomtia Leocadia baridi. "Wewe ni baba. Unajua mambo haya yanavyoisha."

Hilarión akakohoa. Akasema binti alifuta machozi, akaingia kanisani, kengele zikalia.

Kamba ya kengele ilikuwa mkononi mwa Leocadia. Hakuivuta.

"Kengele zikalia," baba akarudia.

Leocadia akaiachia kamba, akatwaa viatu vya mbao, akapiga mwendo wa farasi: kwanza taratibu, kisha mbio, kisha mbali. Nusura farasi ajikwae.

"Huyo nani tena?" Don Abundio akauliza.

Leocadia akafumba macho. Baba akimkana sasa, mbele ya kijiji kizima, basi yamekwisha.

"Ni binti," Hilarión akasema, na haikuwa sauti yake ya kazini. "Anaondoka. Baba yake ndiye aliyemshikia farasi akapanda."

Kisha akamwomba Don Abundio atafute msimulizi mwingine.