Pete ya Bibi Mukagasana

Jumamosi asubuhi wanafunzi wa Mwalimu Gakwaya walishuka kwenye kinamasi chini ya Niboye wakiwa na darubini moja na mabuti ya kuazimana. Walikwenda kuhesabu vitwitwi, ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na kuja kuchokora tope la Kigali. Zamu ya Ihirwe ilipofika, alimwona bibi yake katikati ya kundi, amepandisha kitenge, amesimama kwa mguu mmoja. Nyumbani walikuwa wamemzika kule Batsinda, upande wa pili wa mji, kabla ya mvua.

"Mwalimu, bibi yangu yuko na vitwitwi."

"Anakula?"

"Anachokora."

"Basi mhesabu."

Bibi Mukagasana alikuwa na nyumba hapo hapo. Ilivunjwa kwa sababu kinamasi ni cha ndege, naye akahamishiwa Batsinda, akafa akiuliza njia ya kurudi. Ihirwe alitaka jambo moja tu: safari hii asifukuzwe.

Karangwa, mlinzi, alikuwa amekwisha kupuliza filimbi. "Mama, toka! Watu hapa hapana!"

"Mimi iko kwetu, afande," alijibu bibi bila kuinua kichwa. "Umezaliwa juzi, unanipigia filimbi kama mimi mtoto?"

Ihirwe alimvuta mwalimu shati. Mwalimu Gakwaya akaingia topeni na koleo, akamvisha bibi pete ya kifundoni yenye namba, wanayovishwa ndege waliohesabiwa, ile kubwa ya korongo. Karangwa aliinama akaisoma, akapiga saluti, akarudi chini ya mwavuli wake. Mwenye pete haguswi.

Msimu wote Ihirwe alimpelekea chai ya maziwa. Bibi alilalamika kwamba vitwitwi hawana adabu, wanakunya huku wanatembea, kama wageni wa harusi. Alipoomba kuwasha imbabura, jiko lake la makaa, Karangwa alikataa kwa upole.

"Ndege hawapiki, mama."

Aprili vitwitwi waliruka kurudi Ulaya. Bibi akabaki peke yake. Karangwa alikuja na gari.

"Wenzako wameenda. Ndege asiyeruka ni makazi, na makazi hapa yanahamishwa."

"Afande, ana pete!" Ihirwe alilia.

"Naiona. Nzuri sana."

Akamshika bibi mkono kwa heshima, akampandisha, akamfungia mlango vizuri kitenge kisinaswe. Gari likashika njia ya Batsinda.

Mwalimu Gakwaya alifuta darubini. "Andikeni: kundi lote limeondoka salama."

Ihirwe akaandika.